Acheni kusema "mama kachelewa"

SEHEMU YA 1

 Mama zangu, wadogo zangu wa Kabungu, Mpandandogo, Majalila, na nyie wa Mpanda mjini mnaosoma huku mnanyonyesha, nisikilizeni. Leo sina somo la uji wa lishe. Leo nina hasira, na nimeamua niiandike taratibu, kwa sehemu, mpaka iishe. Aliyechoka aruke, ila nyumba yenye mimba isiruke.

Kuna sentensi moja nimeichoka. Mzazi akifariki kwa kutoka damu, utaisikia msibani, utaisikia kwenye kikao, utaisikia hata kwa sisi wenye sare nyeupe: "Mama kachelewa." Maneno mawili tu. Yakishasemwa, watu wanatikisa kichwa, wanapokea sahani ya wali, habari imeisha. Hakuna anayeuliza kachelewa wapi, kacheleweshwa na nani, na alipofika alikuta nini.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kitu ambacho kila mkunga amefundishwa darasani. Walisema mzazi anacheleweshwa mara tatu. Mara ya kwanza ni nyumbani, kwenye kuamua. Mara ya pili ni njiani. Mara ya tatu ni ndani ya kituo chenyewe, pale anapokuwa ameshafika na kitu cha kumsaidia hakipo, au kipo na hakijatumika. Sasa niambie dada yangu, katika hizo tatu, mama mwenyewe ana mamlaka na ngapi? Nyumbani anaamua baba watoto au mama mkwe. Njiani inaamua mvua na bodaboda. Kituoni tunaamua sisi na serikali. Yeye kazi yake ilikuwa kusukuma mtoto. Halafu tunamwandikia kosa.

Tena wengi wanaotokwa na damu hawakuchelewa popote. Walikuja mapema, kanga zimekunjwa vizuri kwenye beseni, wakajifungua salama kabisa, mtoto akalia. Shida ikaanza baada ya hapo, wakiwa mikononi mwetu.

Hao ndio nataka kuwaongelea.

SEHEMU YA 2

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo damu yenyewe, maana kuna uongo mmoja unaua na unatembea kwa heshima zote: "Ni damu chafu, iache itoke."

Jamani. Hakuna damu chafu.

Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi kwa dakika moja inafika nusu lita na zaidi. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamlisha mtoto kupitia kondo la nyuma. Kondo likishatoka, pale lilipokuwa limejishika panabaki na midomo ya mishipa iko wazi. Mungu kaumba kizazi kama ngumi: mtoto na kondo wakishatoka, ngumi inafunga, misuli inaibana ile mishipa, damu inapungua yenyewe. Ngumi isipofunga, damu inaendelea kumwagika. Inaweza kuwa kizazi kimechoka kwa uchungu wa muda mrefu, au mimba ilikuwa ya mapacha, au kipande cha kondo kimebaki ndani, au kibofu kimejaa mkojo kinazuia. Wakati mwingine kizazi kimefunga vizuri lakini njia imechanika.

Damu hiyo ni ileile iliyoko kwenye moyo wako na kwenye ubongo wako. Hakuna chujio linalotenga ile chafu. Kweli, baada ya kujifungua mwanamke anatoka damu siku kadhaa, inapungua na kubadilika rangi, hiyo ni kawaida. Lakini mzazi anayelowesha pedi kubwa ndani ya saa moja, au anayetoa mabonge makubwa, au anayesema "naona giza", ana kiu ya ajabu, mwili una jasho la baridi na moyo unakwenda mbio, huyo hasafishiki. Huyo anakufa. Na kutokwa na damu namna hii kunaweza kumaliza mtu mzima mwenye afya ndani ya saa mbili.

Kwa hiyo wewe shangazi, wewe bibi, wewe mama mkwe ambaye nakuheshimu: siku ukisema "ni uchafu huo unatoka", ujue unamshauri mtu akae atulie wakati nyumba inaungua.

SEHEMU YA 3

Sasa sehemu ambayo ilinifanya nianze kuandika.

Kwa miaka mingi, damu ya mzazi imepimwa kwa macho. Mkunga anaangalia kitanda, anaangalia kanga iliyolowa, anakadiria. "Kama mia mbili hivi." Unaandika, unaendelea. Shida ya macho ni kwamba damu inaingia kwenye godoro, inaingia kwenye kanga, inachanganyika na maji ya uzazi, inamwagika sakafuni. Na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo macho yanavyozidi kuikadiria pungufu. Siyo uzembe. Jicho la binadamu halina mistari.

Mwezi Mei 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa unaoitwa E-MOTIVE. Ulifanyika kwenye hospitali 80 katika nchi nne: Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Wazazi 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida waliingia kwenye hesabu. Ulisimamiwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, pamoja na wataalamu wa nchi hizi, Watanzania wakiwemo. Dk. Fadhlun Alwy Al-beity wa Muhimbili ni mmoja wa walioandika matokeo. Nalitaja jina makusudi, kwa sababu watoto wetu wa kike wa Kabungu wanaosoma sayansi wajue.

Walifanya nini? Chini ya mzazi, mara tu mtoto anapotoka, wanatandika plastiki yenye mfuko. Damu inaingia mfukoni. Mfuko una mistari ya vipimo, kama chupa ya kunyonyeshea mtoto. Mkunga hakadirii tena, anasoma. Damu ikifika nusu lita, yaani ile chupa ndogo ya maji ya dukani, hakuna mjadala. Na ikifika mililita 300 huku mapigo au presha havieleweki, au damu bado inatiririka, hakuna mjadala pia.

Kisha yanafanyika mambo kwa pamoja, siyo moja kwanza tuone. Kizazi kinasuguliwa kwa mkono juu ya tumbo ili kifunge (usichanganye na kule kukandwa na maji ya moto na bibi, hicho ni kitu kingine kabisa). Inaingia oksitosini, dawa ya kubana kizazi. Inaingia asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande. Inaingia dripu ya maji. Mzazi anakaguliwa kama amechanika au kondo limebaki. Ikishindikana anaitwa mkubwa zaidi. Lengo ni robo saa.

Zamani tulifundishwa ngazi kwa ngazi: jaribu hii, subiri, ikigoma jaribu ile. Ukisubiri kila ngazi, ngazi zinaisha na mtu anaisha.

Matokeo: kwenye hospitali zilizotumia mfuko na hatua zote pamoja, wanawake 93 kati ya kila 100 waliokuwa wanavuja damu kupita kiasi waligunduliwa. Kwenye hospitali zilizoendelea na macho waligunduliwa 51. Soma tena. Nusu. Nusu nyingine ilikuwa inavuja na hakuna aliyejua kwamba ni hatari. Na wale waliofikia kupoteza lita nzima, au kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, walikuwa asilimia 1.6 kwa wenye mfuko, na asilimia 4.3 kwa wasio nao. Imepungua kwa asilimia 60.

Nisiwadanganye, mkiangalia vifo peke yake vilikuwa vichache mno kwenye ule utafiti kuweza kusema kwa uhakika kwamba vimepungua kiasi gani. Kilichopungua waziwazi ni ule mvujo mkubwa, ambao ndio mlango wa kifo. Na ni mlango pia wa kutolewa kizazi ukiwa na miaka 22, na mlango wa kurudi nyumbani huwezi kubeba ndoo miezi mitatu.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huu mwaka huohuo wa 2023. Oktoba 2025 likaenda mbali zaidi pamoja na mashirikisho ya dunia ya madaktari wa uzazi na ya wakunga: tusisubiri nusu lita, ikifika mililita 300 na kuna dalili isiyo ya kawaida, anza.

Hayo yote yamejulikana. Kwa hiyo mtu akifa kwa kupimwa kwa macho leo, tusiseme kachelewa. Taarifa ndiyo imechelewa kufika kwetu, na mfuko ndio umechelewa.

SEHEMU YA 4

Jana baada ya sehemu ya tatu nilipata ujumbe: "Nesi, hizo ni mambo za Ulaya, sisi huku hatuwezi." Nimelala nao.

Za Ulaya wapi? Wazazi waliotandikiwa ile plastiki walikuwa Waafrika. Wanawake wa Tanzania walitoa miili yao kwenye leba ili dunia ijue. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa WOMAN, wanawake 20,060 kwenye nchi 21, Tanzania ikiwemo, na ndio ulioonyesha kwamba traneksamiki ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua inapunguza vifo vya damu kwa karibu theluthi moja. Kila robo saa inayopotea, faida ya dawa inashuka kwa karibu asilimia 10. Ikipita saa tatu huna faida tena. Hiyo dawa ilikuwepo tangu miaka ya 1960! Iligunduliwa na Mjapani mwanamke, Utako Okamoto, na mumewe, kwa ajili hiihii ya damu ya wazazi, na imechukua zaidi ya nusu karne kuthibitishwa kwa wazazi wenyewe.

Sisi tunatoa wanawake wa kupimwa. Basi na majibu yawe yetu.

Halafu niwaambie jambo litakalowauma. Mwanamke wa huku akikaribia kujifungua anaambiwa aje na vifaa: glovu, pamba, wembe, uzi, na mpira wa kujifungulia. Mpira ni nini? Ni plastiki. Dukani unakatiwa kwa mita. Wakati sera yetu ya afya inasema huduma ya mjamzito ni bure, wewe umekuwa ukija na plastiki yako miaka yote. Tofauti ya plastiki yako na ile ya utafiti ni mfuko na mistari. Ndiyo "mambo ya Ulaya" hayo. Mistari!

Ila kuna jambo ambalo watafiti nao nawadai. Hospitali walizochagua ni zile zenye wazazi kati ya 1,000 na 5,000 kwa mwaka. Zahanati ya kijijini haimo. Naelewa kwa nini, kupima kunataka watu wengi. Lakini mzazi akivuja damu hospitali ya mkoa, thieta iko ukutani. Akivuja zahanati ya mbali, kule upande wa Karema au Mishamo, ana safari mbele yake, na wakati wa masika barabara inageuka tope la kunasa gari. Huyo ndiye anayetakiwa kugunduliwa mapema kuliko wote. Mililita 300 zikisomwa zahanati ni safari inayoanza na mtu anayeongea. Lita moja iliyokadiriwa kwa macho ni safari inayoanza na mtu aliyezimia.

Na dawa nayo. Oksitosini inataka baridi, nyuzi 2 mpaka 8. Katavi na joto lake la Oktoba mnalijua, na umeme mnaujua. Dawa iliyokaa kwenye joto inaonekana vilevile, chupa ni ileile, nguvu haimo. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa karibu wanawake 30,000 kwenye nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, ukaonyesha kuna aina nyingine, karbetosini isiyoharibiwa na joto, inayozuia damu kama oksitosini. Nani ana haja nayo zaidi, jiji lenye jenereta au zahanati ambayo friji yake ni moja na imejaa chanjo?

Mtaniambia takwimu zetu ni nzuri. Ni kweli, na ninajivunia. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya wazazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye utafiti wa 2015/16. Hiyo ni kazi ya wakunga wengi ambao hamtawajua. Lakini ile 104 imechanganya Kinondoni na Karema kwenye sufuria moja. Na mkoa wetu huu, kwenye utafiti wa 2015/16, ndio uliokuwa juu kuliko yote kwa mabinti wa miaka 15 mpaka 19 waliokwisha kuzaa au kubeba mimba: asilimia 45. Mabinti hao ni wa kwetu. Msinipe wastani wa nchi nikiuliza habari za mtoto wa jirani.

SEHEMU YA 5

Upasuaji. Fupi tu, maana na hapa kuna uongo wa pande mbili.

Upande mmoja: "Madaktari wanapenda kupasua." "Kazaa kwa kisu, si mwanamke kamili." Mdogo wangu, anayekwambia hivyo muulize atakulelea mtoto wako? Mimba iliyokwama haitoki kwa ujasiri. Binti wa miaka 16 mwenye nyonga ambazo bado zinakua akilazimishwa kusukuma siku mbili, anaweza kupona akabaki na fistula, mkojo unamtoka wenyewe, mume kaondoka. Ukiambiwa upasuliwe, uliza kwa nini, una haki ya kuelezwa kwa Kiswahili unachoelewa, halafu sahini mapema. Familia inayojadiliana saa nne nje ya thieta ndiyo inayochelewesha kweli.

Upande wa pili: wakubwa wanaodhani wakishajenga thieta na kukata utepe basi kazi imekwisha. Mwaka 2019 ulitoka utafiti kutoka nchi 22 za Afrika, wanawake 3,684 waliofanyiwa upasuaji wa kujifungua. Waliofariki ni kama 5 kwa kila 1,000. Hiyo ni karibu mara 50 ya nchi tajiri. Kisu ni kilekile, tumbo la mwanamke ni lilelile. Kinachotofautiana ni damu ya kuongezea, mtu wa nusu kaputi aliyefundishwa vizuri, na jicho la kumwangalia mgonjwa usiku baada ya upasuaji. Chumba chenye taa kubwa bila damu kwenye friji, mimi siiti thieta.

Na wale wanaosema mpaka tupate madaktari bingwa, nawapa majibu kutoka kwa majirani zetu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma, ukalinganisha upasuaji wa uzazi uliofanywa na madaktari wenye shahada na uliofanywa na madaktari wasaidizi, wale tuliozoea kuwaita AMO. Haukuonekana utofauti wa maana kwa mama wala mtoto. Na kabla ya hapo, palepale Kigoma, marehemu Dk. Godfrey Mbaruku aliikuta hospitali ya mkoa mwaka 1984 ina vifo 933 kwa vizazi 100,000. Kufika 1991 vilikuwa 186. Hakuletewa hospitali mpya. Alipanga damu ipatikane, dawa zisikauke, vyombo vitengenezwe, wafanyakazi waheshimiwe na kila kifo kijadiliwe bila kufichana. Kigoma ya miaka ya themanini, mama zangu! Barabara gani? Simu gani?

Kwa hiyo sikubali kuambiwa haiwezekani.

SEHEMU YA 6, YA MWISHO

Sasa nyie. Maana sitaki msome mkasirike mkalale.

Vidonge vya damu, vile vya madini chuma na foliki mnavyopewa kliniki. Najua vinaleta kichefuchefu, najua choo kinakuwa cheusi, najua wengine mnavitupa mkitoka tu getini. Kulikuwa na utafiti mwingine, WOMAN-2, wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu kutoka Pakistan, Nigeria, Zambia na Tanzania. Waliwapa traneksamiki mapema kabla hawajavuja, kwa matumaini ya kuzuia. Haikuzuia. Na kilichoonekana wazi ni kwamba kadiri damu ya mama ilivyokuwa chini, ndivyo hatari ya kuvuja na kufa ilivyopanda. Hakuna sindano ya kufidia miezi tisa ya upungufu wa damu. Meza usiku baada ya kula, usimezee chai. Na dozi za SP za malaria usiziruke, malaria inakula damu hiyohiyo.

Baba watoto, njoo hapa. Usafiri wa dharura wa m-mama, namba ni 115, bure, mjamzito au mzazi au mtoto mchanga. Mhudumu anaitafuta gari ya wagonjwa, ikikosekana anatafutwa dereva aliyesajiliwa, na hulipi wewe. Iandike ukutani kwa mkaa kama simu yako inazima zima. Usianze kutafuta pikipiki saa nane usiku ndipo ukumbuke. Na damu yako: nenda kachangie kabla mke hajafika mwezi wa tisa, nenda na kaka zake. Mnajaa uwanjani Jumapili mchana vijana wenye miili kama miti ya miombo, halafu mzazi anakosa chupa moja.

Siku ya kujifungua, mzazi, ukiwa na nguvu au yule aliyekusindikiza, uliza maswali haya bila kuogopa: "Nesi, damu yangu imefika kiasi gani?" "Sindano ya kubana kizazi nimepata?" Kojoa mapema. Mweke mtoto kwenye ziwa mapema. Na usikubali kukimbizwa nyumbani, wala usikimbie mwenyewe kwa sababu umeacha watoto, kabla ya saa 24. Nesi mzuri hakasiriki kuulizwa. Anayekasirika muulize tena kwa adabu.

Kisha kuna hili ambalo wengi hamjui. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hata zahanati. Kila kituo kina kamati ya usimamizi, na ndani yake kuna wananchi, majirani zenu. Kamati hiyo ndiyo inapitisha mpango wa matumizi. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini hakuna mfuko wa kupimia damu, una wa kumuuliza na anakaa mtaa wa tatu kutoka kwako. Muulizeni mambo manne. Je, mifuko imo kwenye mpango wa mwaka huu? Traneksamiki ipo leo, siyo mwezi ujao? Friji ya dawa inafanya kazi na nani anasoma joto lake? Na mzazi wa mwisho aliyefariki, kikao cha kujadili kifo chake kilikaa, na kilibadilisha nini? Msiulize majina, hiyo ni siri ya mgonjwa. Ulizeni kilichobadilika.

Mkijibiwa "mama alichelewa", ulizeni: ucheleweshaji wa ngapi? Wa kwanza, wa pili, au wa tatu?

Wengine mmeniuliza tangu juzi kama mnaweza kununua huo mfuko wenyewe, mchanganye na vifaa vya kwenye beseni. Jibu langu ni hapana. Mfuko peke yake bila oksitosini yenye nguvu, bila traneksamiki, bila mkunga aliyefanyishwa mazoezi ya zile hatua za robo saa, ni plastiki yenye michoro. Na tukianza kununua mmojammoja, mwenye hela atapimwa damu yake na asiye na hela ataendelea kuangaliwa kwa macho kwenye kitanda cha pembeni. Tumeshabeba mipira ya kutosha. Huu wanunue kituo, kwa wote.

Kwa utaratibu kamati inakaa kila robo mwaka. Kesho asubuhi ukipeleka mtoto kliniki, uliza kikao kijacho ni tarehe ngapi.